Namna ya Kujenga Ushirikiano wa Utafiti wa Kompyuta na Vyuo vya Jamii za Wachache Nchini Marekani

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watafiti wa sayansi ya kompyuta walio katika vyuo vikuu vikubwa vya Marekani, wakiwemo Waafrika Mashariki wanaofundisha au kusomea uzamivu huko, ambao wanataka kufanya utafiti pamoja na vyuo vinavyohudumia jamii za wachache: Wamarekani Weusi, watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, Wenyeji wa Asili na wengineo. Ushirikiano wa namna hii huahidiwa mara nyingi kuliko unavyotimizwa. Unapovunjika, chanzo kwa kawaida si uadui wala upungufu wa uwezo, bali ni kwamba chuo kidogo hualikwa wakati swali la utafiti limekwisha kuulizwa, bajeti imekwisha kugawanywa, na siku ya mwisho ya kuwasilisha andiko la mradi imekaribia mno hata mwalikwa hana la kufanya ila kutia saini. Hatua zilizo hapa chini zinaanza mapema kuliko wengi walivyozoea, na sehemu kubwa ya maelezo inahusu muda na fedha, kwa sababu huko ndiko heshima kwa mshirika huonekana au hukosekana.

Hatua ya kwanza: kijue chuo kabla ya kukiandikia

Jina moja la jumla linafunika taasisi zisizofanana. Vyuo vya kihistoria vya Wamarekani Weusi, vinavyojulikana kwa kifupi kama HBCU, vinatambuliwa na Sheria ya Elimu ya Juu ya mwaka 1965 kuwa ni vile vilivyoanzishwa kabla ya 1964 kwa dhamira kuu ya kuwaelimisha Weusi, na idadi yake ni takriban 100. Cheyney ilianzishwa mwaka 1837 na Lincoln University ya Pennsylvania mwaka 1854. Kwa msomaji wa Afrika vyuo hivi si vigeni kabisa, kwani Kwame Nkrumah na Nnamdi Azikiwe wote wawili walisoma Lincoln. Vyuo vinavyohudumia watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, yaani HSI, havitambuliwi kwa historia bali kwa hesabu: angalau asilimia 25 ya wanafunzi wa shahada ya kwanza wawe wa asili hiyo. Vyuo vya makabila ya Wenyeji wa Asili vina msingi mwingine tena, kwa kuwa vingi vilianzishwa na mataifa ya makabila yenyewe, cha kwanza kikiwa kile kinachoitwa leo Diné College, kilichoanzishwa na Wanavajo mwaka 1968.

Tofauti hizi zina matokeo katika kazi. Howard University ilipandishwa mwaka 2025 hadi daraja la juu la utafiti katika uainishaji wa Carnegie, yaani orodha inayovipanga vyuo vya Marekani kwa madaraja, daraja linalohitaji matumizi ya utafiti yasiyopungua dola milioni 50 na shahada za uzamivu wa utafiti zisizopungua 70 kwa mwaka. University of Texas at El Paso na Florida International University ni HSI na ziko katika daraja hilohilo. Kumwendea mtafiti wa taasisi kama hizo kana kwamba anahitaji kushikwa mkono ni kumkosea adabu. Lakini kuna vyuo vingine ambavyo idara yake ya kompyuta ina walimu wachache tu, haina shahada ya uzamili, na mtu mmoja katika ofisi ya ruzuku ndiye anayeshughulikia maandiko ya chuo kizima. Soma orodha ya kozi za idara, angalia ni shahada gani hutolewa, tafuta machapisho ya walimu wake, kisha chunguza katika hifadhi ya ruzuku za NSF, yaani Shirika la Taifa la Sayansi, ambayo iko wazi kwa umma, uone ni miradi gani chuo kimewahi kuiongoza. Kazi hii ni ya siku moja tu, nayo itakuepusha na maswali yanayomchosha mwenyeji wako.

Sheria na fedha za serikali nazo zifuatiliwe kwa makini. Mnamo Aprili 2025 NSF ilianza kusitisha ruzuku nyingi zilizohusishwa na masuala ya usawa na ujumuishi, na Septemba mwaka huohuo Wizara ya Elimu ya Marekani ilitangaza kusimamisha fedha za hiari, yaani zile ambazo sheria haiilazimishi wizara kuzitoa, kwa programu kadhaa za vyuo ambavyo sifa yake hutokana na asilimia ya wanafunzi wa jamii fulani, zikiwemo za HSI, huku vyuo vya HBCU na vya makabila vikiongezewa fedha. Kwa hiyo usijenge mradi juu ya tangazo la ruzuku la miaka iliyopita. Zungumza na afisa programu wa shirika unalotarajia kuliomba, na uuandike mradi ili uweze kusimama kwa nguvu ya sayansi yake hata kama programu maalumu imefungwa.

Hatua ya pili: tafuta mtu, kisha tafuteni swali pamoja

Barua pepe ya jumla inayotumwa kwa mkuu wa idara mwezi mmoja kabla ya tarehe ya mwisho haina thamani. Watu hupatikana mahali wanapokutana. Chama cha idara za kompyuta za vyuo hivi, ADMI, kimekuwapo tangu 1989. Muungano wa CAHSI, uliozaliwa mwaka 2006 na vyuo saba, umekuwa mtandao mkubwa wa idara za kompyuta za HSI, na mkutano wa Tapia, ulioanza mwaka 2001, huwakusanya wanafunzi na watafiti kutoka kote nchini. Nenda kama msikilizaji. Mkaribishe mtafiti wa chuo kidogo aje kutoa mhadhara wa utafiti katika idara yako, kwa nauli na honoraria, yaani malipo ya shukrani kwa mhadhiri mgeni, ileile mnayowapa wengine, kabla hujamwomba lolote. Ninalisisitiza hili kwa sababu mtafiti aliyesikika kwanza akiwa mtaalamu hatachukuliwa baadaye na wenzako kama kiungo cha kupatia ruzuku.

Swali la utafiti linalofaa ni lile ambalo haliwezi kujibiwa vizuri bila upande wa pili. Mfano mzuri unatoka katika utambuzi wa sauti, yaani kompyuta kugeuza usemi kuwa maandishi. Mwaka 2020 watafiti wa Stanford walichapisha matokeo ya kupima mifumo ya kampuni tano kubwa, nao wakakuta kwamba mifumo hiyo ilikosea wastani wa asilimia 35 ya maneno ya wazungumzaji Weusi na asilimia 19 ya maneno ya wazungumzaji Weupe. Kasoro hiyo hairekebishwi na maabara iliyo mbali na wasemaji wenyewe. Howard University ilipoingia mradi na Google wa kukusanya rekodi za Kiingereza cha Wamarekani Weusi, matokeo yakawa takriban saa 600 za sauti, na Howard ndiyo iliyobaki mmiliki wa data na mwenye kutoa leseni za kuitumia. Zingatia mpangilio huo: chuo kilileta imani ya jamii na ujuzi wa lugha, na imani hiyo ikalindwa kwa umiliki, si kwa shukrani katika ukurasa wa mwisho wa makala. Msomaji anayeshughulika na teknolojia ya Kiswahili au ya lugha nyingine za Afrika ataona mara moja kwamba suala hilo ni lake pia.

Katika mkutano wa kwanza wa kazi, waulize wenzako wa upande wa pili ni matatizo gani wanayotamani kuyatafiti na wameshindwa kwa kukosa nini. Majibu yaandikwe. Ikiwa baada ya mikutano michache maswali yote ya mradi bado yanatoka upande wako, usiandike andiko kwa wakati huo.

Hatua ya tatu: pima muda wa mshirika wako

Katika chuo kikuu kikubwa cha utafiti mwalimu wa kompyuta huweza kufundisha kozi moja au mbili kwa muhula, akiwa na wanafunzi wa uzamivu na wasaidizi wa kufundisha. Mwenzake wa chuo kidogo hufundisha kozi tatu au nne, husahihisha mitihani mwenyewe, hushauri wanafunzi wengi na huketi katika kamati kadhaa. Mtu huyu akichelewa kujibu ujumbe, usidhani amepoteza hamu.

Kwa hiyo bajeti inunue muda. Njia iliyo wazi ni kulipia sehemu ya mshahara wake ili aondolewe kozi moja katika muhula, na fedha hiyo imwezeshe mkuu wa idara kumwajiri mwalimu wa muda. Lakini usiiandike bila kuzungumza na mkuu wa idara mwenyewe, kwa maana katika idara ya walimu wanne huenda hakuna mtu mjini anayeweza kufundisha mifumo ya uendeshaji au nadharia ya algoriti, na ruhusa ikatolewa kwenye karatasi wakati mwalimu anaendelea kubeba mzigo wote. Penye hali hiyo, mshahara wa kiangazi hufaa zaidi. NSF kwa kawaida hairuhusu mshahara wa mtafiti mwandamizi uzidi miezi miwili kwa mwaka katika ruzuku zake zote pamoja, isipokuwa umehalalishwa na kukubaliwa, basi hesabu ifanywe mapema. Jadilianeni pia kuhusu kalenda: majaribio mazito yapangwe nje ya wiki za mitihani ya chuo kidogo, na mikutano ifuate ratiba ya madarasa yake. Chuo kikubwa ndicho chenye nafasi ya kujipinda.

Hatua ya nne: gawanyeni fedha kabla ya kuandika sayansi

Hapa ndipo nafasi ya kila upande huamuliwa, nami naona ni kosa kubwa kuwaachia wahasibu peke yao.

Kwa ruzuku za NSF kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni chuo kimoja kuwasilisha andiko na kukipa kingine mkataba mdogo. Ya pili ni kila chuo kuwasilisha andiko lake kwa wakati mmoja, yakiwa yameunganishwa kama mradi mmoja wa pamoja, na kila kimoja kupokea fedha zake moja kwa moja kutoka serikalini. Njia ya kwanza humwondolea mshirika mdogo kazi nyingi za kuripoti. Ya pili humfanya mtafiti wake kuwa mtafiti mkuu kwa jina lake mwenyewe, rekodi ambayo huhesabika anapoomba kupandishwa cheo na inapokuja ruzuku inayofuata. Iwapo ofisi ya ruzuku ya chuo kidogo inaweza kulibeba jukumu hilo, ninapendekeza njia ya pili. Iwapo haiwezi bado, anzeni na mkataba mdogo, mkiwa mmeandika kwamba andiko la pili litakuwa la pamoja.

Mkichagua mkataba mdogo, kuna mambo manne ya kuyaangalia. La kwanza ni usajili: chuo kiwe na nambari ya utambulisho wa serikali, na ikiwa kitapokea fedha moja kwa moja, kiwe pia na usajili hai katika SAM.gov, mfumo wa serikali wa kuwasajili wanaopokea fedha zake, ambao huchukua muda na hupaswa kuhuishwa kila mwaka. La pili ni gharama za uendeshaji wa taasisi. Chuo ambacho hakijawahi kujadiliana na serikali kuhusu kiwango chake kinaruhusiwa, tangu Oktoba 2024, kutoza hadi asilimia 15 ya gharama za moja kwa moja zinazohesabika, badala ya asilimia 10 iliyokuwapo awali. Msikishawishi kuiacha fedha hiyo ili bajeti ipendeze, kwani ndiyo inayolipa taa, mhasibu na ofisi itakayosimamia mradi. La tatu ni gharama zenu wenyewe: kwa kanuni za sasa, chuo kikubwa kinaweza kutoza gharama zake za uendeshaji juu ya dola 50,000 za kwanza za kila mkataba mdogo, na mshirika anastahili kuliona hesabuni mapema, asije akashangaa kwa nini fedha zilizotajwa katika mazungumzo zimepungua.

La nne ndilo linaloumiza zaidi. Mikataba midogo mingi hulipa kwa kurejesha fedha zilizokwisha kutumika. Chuo tajiri hakisikii uzito wa kungoja. Chuo chenye akiba ndogo hulazimika kuwalipa wanafunzi kutoka mfuko wake na kukaa kikisubiri, na mwanafunzi anayetegemea malipo hayo kwa kodi ya nyumba ndiye anayebeba ucheleweshaji wa ofisi iliyo mbali naye. Kanuni za serikali kuu zinamtaka mtoa mkataba alipe ndani ya siku 30 tangu apokee ankara, isipokuwa ana sababu ya msingi ya kuitilia shaka. Mtafute kwa jina mhasibu wa chuo chako atakayepokea ankara hizo, mkutanishe na mwenzake wa upande wa pili kabla mkataba haujasainiwa, na ankara ya kwanza ifuatilie wewe mwenyewe hadi ilipwe.

Hatua ya tano: andikeni makubaliano kuhusu data, majina na ruhusa

Hati ya kurasa mbili au tatu inatosha kwa mengi: nani anamiliki data na msimbo wa programu, nani anaweza kuvitoa kwa umma na kwa leseni gani, majina ya waandishi yatapangwaje, na nini kitatokea mmoja akihama chuo. Katika makala za kompyuta jina la mwandishi anayetajwa kwanza lina uzito mkubwa, hivyo kubalianeni mapema ni makala ipi itaongozwa na upande upi, badala ya kungoja usiku wa kuwasilisha.

Unapofanya kazi na vyuo vya makabila, ruhusa ya kamati ya maadili ya chuo chako haitoshi. Mataifa ya makabila yana mamlaka yake. Taifa la Wanavajo, kwa mfano, lina bodi yake ya kukagua utafiti unaohusu watu, na mnamo 2002 lilisitisha utafiti wa vinasaba katika ardhi yake. Wahavasupai wa Arizona waligundua kwamba damu waliyoitoa wakiamini ni kwa uchunguzi wa kisukari ilitumika katika tafiti nyingine wasizoziridhia. Shauri lao lilimalizika mwaka 2010 kwa fidia ya dola 700,000 kwa wanakabila 41 na kurejeshwa kwa sampuli za damu. Mtafiti wa mafunzo ya mashine anayechukua rekodi za lugha, picha za satelaiti za ardhi ya kabila au kumbukumbu za kliniki yuko katika mazingira yaleyale, hata kama hajagusa sindano. NSF yenyewe sasa inataka idhini ya taifa husika kwa miradi inayoweza kugusa rasilimali au maslahi yake. Tenga miezi, si wiki, kwa ajili ya hatua hii, na uombe ushauri wa chuo cha kabila kuhusu nani wa kumwona kwanza na kwa utaratibu gani. Kanuni za CARE za mwaka 2019 kuhusu data za jamii asilia ni msingi mzuri wa mazungumzo hayo.

Hatua ya sita: panga kazi ya wanafunzi ibaki chuoni kwao

Mpango unaozoeleka ni kuwachukua wanafunzi wachache wa chuo kidogo wakati wa kiangazi, kwa wiki nane hadi kumi, kuwapa kazi katika maabara ya chuo kikubwa, kisha kuwarudisha. Una faida kwa mwanafunzi. Kwa chuo chake hauachi kitu, na wakati mwingine humwondolea mwalimu msaidizi wake bora. Ni vyema mwanafunzi aendelee na mradi katika mwaka wa masomo akiwa kwao, akilipwa kwa saa, chini ya wasimamizi wawili wanaokutana naye pamoja. Wanafunzi wengi wa vyuo hivi hufanya kazi za dukani au ghalani ili kulipa ada, na nafasi ya utafiti isiyolipwa inawafungia mlango wale hasa ambao mradi unadai kuwahudumia.

Kuna jambo ambalo Waafrika Mashariki wanapaswa kulijua. Posho za programu ya NSF ya utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, REU, hulipwa kwa raia wa Marekani na wakazi wa kudumu tu. Mwanafunzi wa Kikenya au wa Kitanzania aliye HBCU kwa viza ya masomo hawezi kulipwa kutoka fungu hilo, ingawa anaweza kulipwa kama msaidizi wa utafiti kutoka fungu la kawaida la mradi, kwa masharti ya viza yake. Andikeni mafungu yote mawili tangu mwanzo.

Nguvu za kompyuta zisiwe sababu ya kuhamisha kazi. Mfumo wa ACCESS hutoa muda wa kompyuta kuu bila malipo kwa watafiti wa vyuo vya Marekani, na mradi wa majaribio wa NAIRR, ulioanza Januari 2024, umefungua rasilimali za akili mnemba. Mshirika aombe kwa jina lake mwenyewe, na msaada wako uwe katika kuandika ombi la kwanza na kusimika programu.

Hatua ya saba: endesheni mradi, mkitayarisha andiko ambalo mwenzako ataliongoza

Mikutano ya kila wiki mbili inatosha, uenyekiti ukipokezanwa. Safari nazo ziwe za pande mbili. Mara moja kwa mwaka fungueni tena hati ya makubaliano na bajeti, mkiangalia kama fedha za upande wa pili zimetumika kama zilivyopangwa, na kama hazijatumika ulizeni kizuizi ni nini kabla ya kuzihamisha, kwa sababu mara nyingi kizuizi ni ajira iliyokwama au kifaa kilichosubiri saini.

Katika mwaka wa mwisho lakini mmoja wa ruzuku, siyo katika miezi yake ya mwisho, anzeni andiko jipya ambalo mtafiti mkuu wake anatoka chuo kidogo nawe ukiwa mtafiti mwenza. Mpe maandiko yako ya zamani yaliyofaulu na yaliyokataliwa pamoja na maoni ya wakaguzi. Mtambulishe kwa afisa programu. Msaidie kupendekezwa kuwa mkaguzi katika jopo la NSF, maana hakuna darasa linalofundisha kuandika ruzuku kama kukaa mezani na kusikia jinsi zinavyojadiliwa. Andiko hilo likikataliwa mara ya kwanza, kama yanavyokataliwa mengi, kaeni pamoja na maoni ya wakaguzi ndani ya mwezi huohuo, mpange nani atajibu lipi, na mwandike tarehe ya kuliwasilisha tena.